Mji Ambao Mama Mkwe Hakutaka Tuhamie

Mwaka tulipotakiwa kuhamia Malindi, mume wangu alikuwa mpishi katika hoteli ndogo ya wapanda mlima pale Naro Moru, nami nilikuwa nikifundisha darasa la pili katika shule iliyo kando ya barabara ya Nanyuki. Tulikuwa na watoto wawili, ng'ombe mmoja, na kishamba cha viazi ambacho baridi ilikiunguza karibu kila Julai. Mwenye hoteli alikuwa Mzungu mzee ambaye magoti yake yalikuwa yamechoshwa na baridi hiyohiyo. Akauza hoteli yake, akanunua nyingine Malindi, karibu na ufuo, akamwambia mume wangu kwamba anataka aende naye awe mpishi mkuu. Angengoja jibu mpaka mwisho wa likizo ya shule.

Mimi sikutaka. Nilikuwa nimesikia habari za Malindi kutoka kwa madereva wa hoteli: joto, malaria, watalii wanaotembea barabarani karibu uchi, na vijana wa shule wanaoacha vitabu ili kuwafuata. Niliuliza watoto wangu watasoma wapi, na watajifunza nini wakitoka darasani. Mume wangu alisema kila mji una watu wake wabaya na wema, na kwamba yeye amekuwa akiamka na vidole vilivyokufa ganzi tangu utotoni. Alitaka kuona bahari. Hakuwa mtu wa kutaka vitu. Tukakubaliana kwamba kabla ya kuamua lolote twende Wamagana tukamwambie mama yake.

Mama mkwe alikuwa mjane, au hivyo ndivyo sote tulivyojua. Mume wake alichukuliwa na askari katika miaka ya hali ya hatari, wakoloni walipokuwa wakipigana na watu wa msituni, akafia kizuizini huko pwani, mwili wake usirudishwe. Mume wangu alikuwa mtoto wao wa pekee. Alikua akiambiwa na kila mtu kwamba baba yake alikuwa mtu wa maneno machache na mikono yenye nguvu, naye, bila kujua, akawa mtu wa maneno machache.

Tulimkuta ameketi jikoni anachambua maharagwe. Alituandalia chai, akauliza habari za wajukuu na za ng'ombe, kisha mume wangu akamweleza habari ya kazi. Mama alisikiliza vizuri. Alisema Mzungu huyo ameonyesha shukrani, jambo ambalo si la kawaida. Ndipo akauliza ni mji gani. Mume wangu alipotaja Malindi, mkono wa mama ukabaki ndani ya ungo.

"Mombasa nendeni," alisema. "Kisumu nendeni. Hiyo Malindi, hapana."

Mume wangu alicheka kidogo, akamuuliza kama anaogopa majini. Mama hakucheka. Aliniambia nifunge mlango. Niliufunga nikidhani atatueleza juu ya ndoto mbaya, kwa sababu wakati mwingine alikuwa akiota na kuzichukulia ndoto zake kwa uzito. Alisukuma ungo kando, akafuta mikono kwa leso, akasema, "Mume wangu yuko huko. Anauza viazi sokoni."

Nilidhani akili imemruka. Nilimtazama machoni nione kama ana homa. Mume wangu naye alidhani hivyo, maana alimsogelea na kumwita mama kwa upole, kama anavyoitwa mgonjwa. Mama akamwambia akae. Akasema mume wake hakufa. Aliachiliwa kutoka kizuizini, akaja nyumbani siku moja, akarudi alikotoka. Habari zake alikuwa akizipata kwa mwenzake mmoja wa kizuizini aliyekuwa akipita Wamagana kununua ngozi.

Mume wangu aliuliza kwa nini yeye, mtoto wa mtu huyo, hakuambiwa kwamba baba yake yu hai.

Mama alisukuma kuni ndani ya moto. Kisha akasema, bila kuinamisha uso, "Yeye yu hai. Lakini si baba yako. Walipomchukua, wewe hukuwa bado tumboni. Wewe ulikuja wakati tunachimba lile handaki la kuuzingira msitu, walilotulazimisha sisi wanawake, tukilindwa na bunduki. Ni nani, usiniulize. Sikumtaka, wala hakuniuliza kama nataka."

Sijui nilishika nini, lakini chai yangu ilimwagika yote kwenye sketi na sikuhisi moto wake. Nilikuwa nimeishi na familia hii kwa miaka. Nilikuwa nimewaambia watoto wangu habari za babu yao aliyekufa kwa ajili ya ardhi. Mama alikuwa akinisikia nikiwaambia, naye alikuwa akiendelea kumenya viazi.

Mume wangu aliinuka, akatoka nje. Nilimfuata mpaka mlangoni. Alikuwa amechukua ndoo na kwenda kumkamua ng'ombe wa mama, ingawa ng'ombe alikuwa amekwisha kukamuliwa. Alikaa pale chini yake, kichwa kimeegemea ubavu wa ng'ombe, mikono imelala magotini.

Kwa wiki nzima hakuzungumzia jambo hilo. Alikwenda kazini, akapika supu na kuoka mikate, akarudi. Mimi nilikuwa nikiandika ubaoni, chaki inakatika. Kisha siku moja asubuhi, akiwa anafunga viatu, aliniambia anataka kwenda Malindi kuiona hoteli, na kumwona yule mzee. Akaniomba niende naye. Watoto tuliwaacha kwa dada yangu Mweiga.

Sikuwa nimewahi kushuka chini ya Nairobi. Tulipofika kivuko cha Kilifi, nilikuwa nimevua sweta, na leso, na soksi, na bado nilihisi kama nimefungiwa ndani ya jiko. Malindi yenyewe ilinishtua kuliko madereva walivyosema. Nilimwona mwanamke wa Kizungu wa umri wa mama yangu akinunua ndizi dukani akiwa na chupi na kitambaa cha kifuani tu, na mwenye duka, mwanamume wa Kiislamu mwenye ndevu, akimhesabia ndizi huku akitazama juu kwenye dari. Mume wangu alinishika mkono tukapita. Hoteli ilikuwa nzuri, nyeupe, na jiko lake lilikuwa kubwa kuliko nyumba yetu. Nyumba ya mpishi mkuu ilikuwa na vyumba viwili na bomba la maji ndani. Nilifungua bomba hilo na kulifunga mara kadhaa. Lazima nikiri kwamba moyo ulianza kulegea.

Tulikwenda sokoni kesho yake. Hatukuhitaji kuuliza sana. Tulipotaja mzee wa bara anayeuza viazi, tulionyeshwa moja kwa moja. Alikuwa mzee mwembamba, amevaa kofia ya kitambaa na kikoi, anapanga viazi juu ya gunia kwa ukubwa. Mume wangu alisimama mbele yake. Mzee aliinua macho, akamtazama, kiazi kikamdondoka.

"Una uso wa mama yako," alisema kwa Kikuyu. "Amekufa?"

Mume wangu akasema hajafa. Mzee akaanza kuvirudisha viazi ndani ya gunia.

Alitupeleka kwake. Alikuwa amesilimu, ameoa mwanamke wa Kigiriama, na walikuwa na mabinti watatu waliotuamkia shikamoo wakanifanya niangalie nyuma yangu, kwa maana sisi huku mlimani hatukuzoea kuamkiwa hivyo. Mke wake alitukaribisha bila kuuliza chochote, akapika wali wa nazi na samaki, kisha akawachukua mabinti, akatuachia nyumba. Nadhani alikuwa ameingoja siku hiyo kwa muda mrefu kuliko sisi.

Nilikuwa nimejiandaa kumsikia mzee akijitetea. Nilidhani atasema alirudi kutoka kizuizini, akakuta mtoto asiye wake, hasira ikamshika, akaondoka. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeipanga hadithi hiyo kichwani njia nzima, na nilikuwa nimekwisha kumchukia.

Alisema kwamba alifika Wamagana mchana, siku ya soko, akapitia nyuma ya nyumba. Mama mkwe alikuwa ndani. Mtoto alikuwa mlangoni anakula kiazi kitamu kilichochomwa.

"Ulinitazama," alimwambia mume wangu. "Ukakata kipande ukanipa. Nikakila. Kwa hiyo usifikiri niliondoka kwa sababu yako. Mimi nilitaka kukaa."

Ni mama ndiye aliyemwambia aende. Alimficha katika ghala la mahindi, akamweleza yote, pamoja na jina la mtu yule, ambaye wakati huo alikuwa mkubwa katika homugadi, wale walinzi wa kijiji waliopewa bunduki na serikali, na alikaa karibu nao, ng'ambo ya kijito. Mzee alisema alichukua panga lililokuwa ukutani. Mama akasimama mlangoni mwa ghala, akamwambia kwamba akitoka na panga hilo atanyongwa kabla ya mwezi kwisha, naye atabaki amepoteza mwanamume mara mbili. Alimwambia kwamba ni afadhali awe hai mahali pengine. Akamwambia atasema amekufa, ili asitafutwe na mtu. Mzee akaondoka kabla ya watu kurudi kutoka sokoni.

Nilikaa pale nikitazama sahani yangu, na mifupa ya samaki juu yake. Mwanamke huyo niliyekuwa nikimwona kila Jumapili akichambua maharagwe alikuwa amemzika mume wake kwa mdomo ili asinyongwe. Kisha akaishi na jambo hilo, akipishana na yule mtu mwingine kwenye njia ya kwenda mtoni.

Mzee akauliza, kwa sauti ya chini, "Na yule wa ng'ambo ya kijito, bado yuko hai?" Akafungua mdomo kulitaja jina.

Mume wangu aliinua mkono. "Usimtaje," alisema. "Ukimtaja, nami nitatafuta panga."

Mzee akafunga mdomo. Wakakaa vivyo hivyo, wote wawili wakitazama sakafu, na kwa jinsi walivyokaa, viwiko juu ya magoti, mgeni angesema ni baba na mwana.

Nilidhani sasa habari ya kuhama imekwisha. Mume wangu atawezaje kuishi katika mji ule, akinunua viazi kwa mtu yule? Lakini tukiwa tunarudi, kabla ya kufika Nyeri, aliniambia kwamba ameamua, ila hatakwenda nisipokubali. Alisema si kwa sababu ya bahari, wala kazi, wala mzee. Alisema kwamba akikaa huku atakuwa akimtazama kila mwanamume mzee wa Wamagana, pua yake, masikio yake, anavyotembea. Tayari alikuwa ameanza kufanya hivyo, Jumapili iliyopita, kanisani. Aliogopa siku moja atajiona katika uso wa mtu.

Nilimkubalia palepale. Mimi niliyekuwa na sababu zote za kukataa, nilizitafuta sikuona hata moja.

Tulipomwambia mama, tulitarajia alie au atukataze. Aliuliza kitu kimoja tu, kama mzee bado ana meno yake. Mume wangu akasema anayo mengi. Mama akasema basi twende, na tukumbuke kuwanywesha watoto maji kwa wingi.

Tulikaa Malindi miaka mingi. Nilipata uhamisho, nikafundisha watoto walionizidi Kiswahili. Watoto wangu mwenyewe walimwita mzee babu, na hatukuwasahihisha, maana tungewasahihisha kwa neno gani. Mama hakuja hata mara moja, ingawa tulimwalika. Mzee naye hakuomba kwenda.

Alikwenda mara moja tu, mama alipofariki. Alikuja kwetu asubuhi amevaa kanzu safi, akasema kwamba kama hatutaki aende, tumwambie sasa. Mume wangu akampa koti lake, kwa sababu ilikuwa Julai.

Njia nzima niliogopa. Watu wa Wamagana wangemwona mtu aliyekufa akitembea nyuma ya jeneza la mke wake, amevaa kofia ya Kiislamu, na wangeuliza. Na likishaulizwa swali moja, mengine yote yangefuata, mpaka lile la mume wangu. Niliwaza niseme ni rafiki wa familia kutoka pwani. Nilikuwa nimeliandaa hata jina la kumpa.

Alipoingia uani, wanaume walimtazama kama wanavyomtazama mgeni yeyote. Lakini wale wanawake wazee, wenzake mama, waliokuwa wamekaa pamoja kwenye mikeka, waliacha kuimba. Mmoja wao, mrefu, aliyekuwa akiongoza nyimbo, aliinuka kwa shida, akamwendea. Hakupiga yowe, wala hakushangaa. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwita kwa jina lake la ujana, akamwongoza mpaka kwenye kiti kilichokuwa karibu na jeneza. Wengine wakasogea kumpa nafasi. Kisha wakaendelea na wimbo pale walipouachia.

Baada ya mazishi, nilimtafuta mwanamke huyo mrefu akiwa anagawa chakula. Nilimuuliza, kwa kuzungukazunguka, kama alikuwa anamfahamu yule mzee.

Aliendelea kupakua. "Ile siku ya soko," alisema, "unafikiri nani alisimama njiani kutazama kama kuna askari? Ni mimi. Na yule pale ndiye aliyempa nguo za kubadili. Tulijua wote. Tulijua habari yake, na habari ya mume wako pia, tangu akiwa tumboni. Wanaume hatukuwaambia."

Aliniwekea nyama sahanini, akaongeza mchuzi, akaniambia nikae nile kwa sababu nimepauka. Nikakaa. Ng'ambo ya ua mume wangu alikuwa akimfunga mzee vifungo vya koti, kwa kuwa vidole vya mzee vilikuwa vimekataa kwa baridi.