Kauri ya Rasini

Juzi, sokoni Makadara, niliona kauri, yale maganda madogo ya baharini, zikiuzwa kwenye sinia, nikaondoka haraka. Zilinikumbusha siku shule yetu ya Huruma ilipotupeleka pwani, kwenye rasi iliyohifadhiwa. Tulipita msituni, tukavuka mikoko iliyonuka matope, tukafika miambani maji yakiwa yamekupwa. Mzee aliyetuongoza alituomba tusichukue chochote. Nilidhani anawawekea wazungu. Nikaokota kauri moja iliyong'aa, nikaificha mfukoni mwa sweta.

Getini mwalimu alianza kutupekua. Nikaitumbukiza kauri kwenye mkoba wa rafiki yangu Atieno.

"Atieno! Na wewe ndiye kiranja?" mwalimu alifoka, akiichomoa kauri mkobani.

Atieno alinitazama, machozi yakamtoka, lakini hakunitaja.

Yule mzee aliipokea kauri, akaigeuza kiganjani. Kitu laini kikajikunyata ndani. Kumbe halikuwa ganda tupu.

"Bado yu hai," alisema. "Usilie, mwanangu. Nitamrudisha."

Akashika njia ile ndefu ya miambani, akichechemea juani. Bado ningeweza kusema ukweli. Sikusema.

Kwenye basi nilimwekea Atieno nafasi kando yangu, kama kawaida. Alinipita, akaketi nyuma peke yake hadi Nairobi.