Njiti za Baba

Mwaka wangu wa mwisho katika shule ya jioni, miaka ile ya tisini, kila mwanafunzi alitakiwa kuandika utafiti ili apewe diploma. Wenzangu walichagua mambo mepesi. Mimi nikachagua mapato ya watu wa soko la nyama la Burma: nani anapata ngapi, na pengo kati yao ni kubwa kiasi gani. Nilihoji watu kama elfu moja hivi. Sawa, ishirini na watatu. Lakini kwa soli nilizozimaliza, elfu moja ni hesabu ya haki.

Waosha matumbo walinijibu bila wasiwasi. Wachoma nyama walinijibu, kisha wakanikatia kipande. Wabebaji, wale wanaoshusha robo za ng'ombe kutoka kwenye gari hadi buchani, walinijibu huku wakitembea. Shida ilikuwa wenye bucha. Wa kwanza alinoa kisu mpaka nikaaga mwenyewe. Wa pili aliniita profesa, akacheka mpaka wateja wakaacha kula. Wa tatu alinihurumia, akaniambia niandike elfu mbili kwa mwezi, na mkononi alikuwa amevaa saa ambayo ingenunua ploti kule Njiru pamoja na ng'ombe wa kuwekwa humo.

Nikawaacha nje wote watatu. Nikapiga hesabu za waliobaki, na jibu likatoka tamu: pale sokoni watu wanakaribia kuwa sawa. Nilijiona nimebakisha hatua mbili niwe waziri.

Mwalimu wetu, mzee mpole aliyevaa sweta hata jua likiwaka, alinirudishia makaratasi yangu.

"Kijana, umempima twiga ukaishia mabegani," alisema. "Sasa unatuambia ni mnyama mfupi."

Akanipa wiki moja. Nikishindwa kuwaingiza wenye bucha, nirudie mwaka, na karo ya kurudia sikuwa nayo.

Jumapili, baada ya kanisa, nilikaa katika chumba chetu nikakataa chai. Kwetu, kukataa chai ni kama kutangaza msiba. Baba akauliza kuna nini, nikamweleza. Yeye alikuwa mbebaji Burma tangu kabla sijazaliwa. Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka kuliko la kulia, na shule aliijua kwa nje tu.

Akatoa kiberiti mfukoni, akakiweka mbele yangu. "Unataka kujua tajiri wangu anaingiza ngapi? Muulize huyu."

Njiti zake nilizijua tangu utotoni, ila sikuwahi kuzifikiria. Wabebaji walilipwa kwa kila robo, kwa hiyo kila asubuhi Baba alitia njiti katika mfuko wa kushoto, na kila aliposhusha robo akahamisha moja kwenda mfuko wa kulia, asije akapunjwa. Kwa njia hiyo alijua, bila karatasi, ni ng'ombe wangapi waliingia bucha ile kwa wiki. Bei ya kilo iliandikwa kwa chaki ukutani. Bei ya kichinjioni kila mbebaji aliijua. Tukatoa kodi, tukatoa mishahara, tukatoa mifupa, na kwa yale tusiyoyajua tukatoa tena fungu kubwa, tusimwonee mtu.

Kisha Baba akasema tupange mezani. Njiti moja iwe mapato yake mwenyewe ya mwezi. Akailaza peke yake. Chini yake tukaanza kupanga za tajiri, moja mbele ya nyingine. Zikapita vikombe, zikapita Biblia ya Mama, zikafika ukingoni. Mama akauliza jiko angeliwasha kwa kitu gani. Baba alikuwa bado ameshika njiti nyingine mkononi.

"Meza imeisha," akasema.

Ndipo nikajua la kuandika. Sikuhitaji kubuni mwisho. Niliandika kwamba mapato ya mwenye bucha si chini ya hapa, na juu ya hapo nikaacha wazi.

Mwalimu alifurahi, akataka jambo moja tu: jina la aliyenipa hesabu, na bucha anayoibebea. Lakini tafiti zetu zilisomwa mbele ya darasa, na darasani alikuwamo mpwa wa tajiri yule. Baba angefutwa kazi kabla ya saa nne asubuhi. Nikakataa. Mwalimu akanikata alama, nikapita kwa alama nyembamba ambayo ungeweza kuipenyeza chini ya mlango.

Nilipoleta nakala nyumbani nilimwonyesha Baba mchoro wa minara ya mapato. Mnara wa tajiri ulipanda hadi juu ya ukurasa, kichwa kikiwa wazi. Wa Baba ulikuwa mfupi kama ukucha. Akaupapasa kwa kidole.

"Na jina langu liko wapi?"

Nikamweleza kwamba sikuliweka, nikiogopea kazi yake. Akanisogezea chai.

"Ulifanya vyema," akasema. "Lakini ungeliandika, hata kwa penseli."

Nikatafuta penseli. Nikaandika majina yake yote matatu kando ya ule mnara mfupi, kisha nikamsomea. Akaniambia nisome tena.