Mbingu Iliyochelewa Juu ya Nyabiondo

Magoti ya mama yangu yalipokataa pikipiki ya kumpandisha kwetu Nyabiondo, dada alimhamishia kwake Shasha, kando ya ziwa. Mama aliyatazama maji yote yale kama shamba lililopotezwa bure. Mwaka wa pili aliyachoka, akanigeukia.

"Wewe mwenye unazungukaka dunia, uniletee basi mulima yangu."

Mimi niliyekimbia jembe nikiwa na diploma ya sekondari na haraka nyingi, niliahidi kumchorea. Nilinunua rangi za akriliki Goma, nikapanda Nyabiondo, nikautazama mlima wetu asubuhi nzima, nikarudi kuuchora uani kwa dada.

Kwetu mteremko hulimwa kuanzia chini kwenda juu. Nami nikachora hivyo hivyo: maharage kwanza, jani kwa jani, kisha mihogo, kisha vilima vya mbali. Mbingu ilikuja mwisho, ikamwagikia vilima. Nikavirudishia kijani, kijani kikapanda mbinguni. Kufuta hakukuwezekana, rangi ile hukauka kabla hujamaliza kujuta.

Mama aliburuta kiti, akainama.

"Ulilima mbele Mungu hajaweka mbingu? Ukurasa ya kwanza ya Biblia haukuisomaka?"

Mara ya pili nilianza na mbingu, lakini nilizimua rangi kwa maji kama chokaa ya ukuta. Mlima mzima ukateremka hadi kwenye fremu. Mama akasema ni povu la sabuni. Mara ya tatu kila kitu kilisimama, ila vilima vya mbali vilikuwa na kijani kile kile cha maharage.

"Ya mbali iko bluu," alisema. "Hata mbuzi anajua."

Nina miaka arobaini na zaidi, nimelala katika miji mingi. Sikujua.

Picha ya nne nilimwekea magotini. Alipitisha kidole juu yake toka chini hadi juu, nami nikaogopa kwamba haujui tena mlima wake, au mimi ndiye nisiyeujua.

"Mwizi!" akapiga kelele. "Matete ya mupaka njo iko hapa? Umemupatia jirani mistari yangu mbili ya maharage!"

Nilifurahi hadi nikakaa chini. Nani hugombania mpaka wa mlima asioutambua? Nikachukua brashi, nikayarudisha matete mahali pake.

"Sukuma tena kidogo," alisema.

"Mama, hapo ni kwa jirani."

"Yeye iko na picha?"