Rafiki Yangu Alivyomkimbia Baba Yangu

Siku baba alipofariki, nyumbani kwetu Mtoni, mimi mtoto mkubwa wa kiume nilitakiwa kuongoza kumwosha. Nikajifanya nina homa. Nilijifunika shuka chumbani kwa mama huku mdogo wangu na ami zetu wakimwosha uani. Mdogo wangu aliniamini, na miaka yote hii hajaniuliza neno. Nina shahada mbili. Hakuna hata moja iliyonifundisha kumgusa baba yangu akiwa baridi.

Nilimwambia mtu mmoja tu, rafiki yangu na mwandishi mwenzangu wa riwaya. Tulikuwa barazani kwake, kahawa mkononi, naye alinisikiliza kwa huruma ambayo sasa najua ilikuwa kazi.

Mwaka huu riwaya yake mpya ilizinduliwa katika ukumbi mmoja wa Mji Mkongwe, baada ya sala ya alasiri. Nilikwenda na mdogo wangu, mpakiaji mizigo wa bandarini Malindi, ambaye husoma vitabu kunishinda. Tulikaa safu ya mbele, maana nilitarajia kutajwa kwenye shukrani.

Rafiki yangu akafungua kitabu, akasoma. Mtoto mkubwa. Homa ya uongo. Shuka. Harufu ya kafuri ya maiti ikipenya chini ya mlango. Hata ile sentensi yangu ya shahada na baridi aliiacha kama nilivyoisema.

Mama mmoja akauliza kama kisa ni cha kweli.

"Mama yangu," akajibu, mkono kifuani, "mwandishi hana shamba jingine ila maisha yake. Huyo ni mimi."

Ukumbi ukapiga makofi. Baba yake nilimjua, na siku ya maziko yake nilikuwepo. Rafiki yangu alimwosha kwa mikono yake mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho.

Mdogo wangu alikuwa anafuta macho. "Maskini," akaninong'oneza. "Afadhali wewe, kaka, ulikuwa mgonjwa kweli."

Nilikuwa nimeiweka siri ile nikingoja siku ya kumwambia yeye. Sasa ilikuwa imepigiwa makofi, na makofi yenyewe si yangu.

Tulipotoka tukatembea kuelekea Malindi. Nikamwambia, "Yule wa kitabuni ni mimi."

Akacheka. "We kaka! Hata aibu unataka ya watu? Muachie mwenzio."

"Nlijifunika shuka chumbani kwa mama."

"Ndivyo alivyosoma."

"Sikuwa na homa. Nlisikia harufu ya kafuri."

"Na hiyo kaisoma. Wivu wenu nyie waandishi mbaya, kaka."

Kila ushahidi niliokuwa nao ulikwishachapishwa kwa jina la mtu mwingine. Nikatafuta kitu ambacho sikumpa rafiki yangu. Kilikuwepo kimoja, ambacho hata peke yangu sijawahi kukitamka.

"Kabla hamjammwagia baba maji," nikasema, "ulikuja mlangoni ukaniita. 'Kaka, njoo, mikono inanitetemeka.' Nlikuwa macho. Uliniita mara tatu, na zote nlizisikia."

Akasimama. Abiria wa boti ya Dar walikuwa wakitupita na mabegi yao, wakinung'unika kwamba tumewazibia njia.

"Mara nne," akasema.

Akaingia zake bandarini bila kuniaga.