Mhindi Aliposema "Gussa", Babu Akamgusa

Babu yangu alimshika Mhindi shavu, mchana kweupe, mtaa mzima wa Kanyenye unaangalia. Na huyo Mhindi ndiye aliyekuwa bosi wake!

Usicheke kwanza. Ndoa ya bibi yangu ilikuwa inaning'inia hapo.

Tabora hiyo, enzi za Mwingereza. Babu Mabruki alikuwa fundi kwenye baraza la duka la huyo Mhindi, Ramlal, na cherehani ni ya Ramlal. Bibi Mwanamkuu alikuwa mchumba tu, na baba yake alishatamka: "Simwozi binti yangu kwa fundi asiye na kazi."

Siku hiyo bibi kaja kununua uzi, anamkuta Ramlal macho mekundu, kashika vipande viwili vya hariri.

Babu kaikata akidhani ni ya mteja. Kumbe ni zawadi ya marehemu mama yake Ramlal, ilitoka kwao India. Balaa!

"Gussa!" Ramlal akafoka. "Mimi gussa sana!"

Kwa Kihindi, gussa ni hasira. Kwetu sisi je?

Babu akanyoosha kidole, akaigusa hariri.

"Hapana! Mimi gussa!"

Akamgusa bega.

"Gussa! Gussa!"

Akamshika shavu, taratibu.

Watu wakaangua kicheko. Bibi akasema moyoni, basi tena, mume sina.

Ramlal akafungua mdomo amfukuze. Sauti haikutoka, yakatoka machozi. Akalia, jamani, mtu mzima, mkono wa babu bado uko shavuni.

Alipotulia akajifuta. "Unganisha," akasema.

Babu akaunganisha. Ndoa ikafungwa.

Tangu hapo bibi akawa anamtania: "Mume wangu hajui hata Kihindi cha dukani!" Mpaka siku moja, wajukuu tumekaa, babu akacheka chini chini.

"Nishinde kwa Ramlal miaka yote ile, nisijue gussa? Ndilo lilikuwa neno lake la kila asubuhi!"

Bibi akaduwaa. "We mzee! Sasa ulimgusia nini?"

"Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani alinifunza. Ni neno la Kiarabu, likasafiri mpaka kwa Wahindi. Huko lilikotoka, maana yake ni kukabwa na kitu kooni. Nikamtazama Ramlal, nikaona hii siyo hasira. Kilichomkaba ni msiba wa mama yake."

Bibi akanuna. "Na mimi ukaniacha miaka yote nikuite mjinga!"

"Gussa?" babu akauliza, mkono unaelekea shavuni.

Ndugu zangu, mtu akikufokea, tazama kwanza kilichomkaba ndipo umjibu.

Bibi aliupiga kibao ule mkono. Kisha akauacha ukae pale pale shavuni.