Kakakuona Aliyekataa Kuchagua

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane hivi, kule Kikoneni, mimi ndiye niliyemleta kakakuona nyumbani. Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilitumwa kuni asubuhi na mapema, nikamkuta kwenye kichuguu akichimbua mchwa kwa kucha. Aliponisikia alijikunja, kichwa tumboni, mkia juu yake, yakabaki magamba matupu. Mtoto mwingine angekimbia. Mimi na kiherehere changu nilimfunga kwenye leso, kuni nikaziacha palepale.

Kwetu kakakuona haonekani ovyo. Akionekana, amekuja na habari. Huwekewa bakuli la maji, sahani ya unga na kisu. Akiendea maji, mvua itakuwa njema. Akiendea unga, ni mavuno. Akiendea kisu, ni msiba. Na mpaka achague, mtu wa nyumba hiyo hatoki nje ya ua ila kwenda kuzika, asije akaondoka na balaa.

Aliyeviweka vitu hivyo ni mjomba Hamisi, kaka yake mama. Wadigo tulikuwa hivyo: mtoto ni wa mjomba, na neno la mjomba ndilo linalosimama. Alinishika kichwa akasema, "Mwanasha, umetuletea mgeni mkubwa." Nilivimba kwa fahari.

Usiku ule ndugu yangu Bakari, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutembea, alishikwa na homa. Kulipokucha mama alimfunga mgongoni.

"Kaka, mtoto anachemka. Naomba baiskeli, tumpeleke hospitali Msambweni."

"Subiri kidogo, dada. Mgeni hajasema."

"Na asiposema?"

"Atasema, inshallah. Huyu si mnyama wa kukurupuka."

Mjomba hakuwa mtu mbaya. Usimchukie kwa ninayoyasimulia. Bakari alikuwa akilala kifuani pake. Lakini siku nzima alikaa uani akimkodolea macho kakakuona, na majirani wakaja wakamzunguka, watoto wakimchokoa kwa vijiti. Mjomba akawaeleza kwamba hata simba humbiringisha huku na huku, meno yasipate pa kuingia, mwisho huchoka akaenda zake. "Pakiwa kimya ndipo hujikunjua," alisema. Nilimsikia kwa masikio yangu. Alilijua hilo, nasi sote tukalijua, na bado tuliendelea kumzunguka tukimtaka aseme.

Siku ya pili Bakari alipatwa na degedege. Mama hakuomba tena. Alimchukua mtoto akashika njia kwa miguu, na mjomba akamkimbilia mlangoni mwa ua, akamshika mkono huku analia. "Dada, utatumaliza sote." Mama akarudi. Kule kurudi ndiko alikoshindwa kujisamehe mpaka anaingia kaburini. Bakari alifariki kabla ya magharibi.

Asubuhi wanaume walikwenda kuzika, wanawake wakawa ndani na mama. Nilibaki peke yangu nyuma ya mlango wa jiko. Uani hapakuwa na sauti. Nikaona gamba moja likisogea, kisha pua ikachomoza, kisha macho madogo yenye maji. Akajikunjua polepole, akasimama kwa miguu ya nyuma akanusa. Akayapita maji. Akaupita unga. Akakipita kisu bila kukinusa, akatokea kwenye upenyo wa makuti, akaenda zake porini.

Mjomba aliporudi, na udongo ungali mikononi, aliangalia pale palipokuwa na mnyama. "Amechagua nini, mwanangu?"

"Kisu," nikasema.

Alifunga macho. "Basi ilikuwa imeandikwa," akasema, na mabega yake yakashuka. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akisimulia habari ile kila palipokuwa na matanga, na kila mara akiniita mimi shahidi. Nami nikawa naitika.

Husemwa majuto ni mjukuu. Wangu amezeeka pamoja nami. Sijui hata leo kama nilimhurumia mjomba au niliogopa tu, kwa kuwa mimi ndiye niliyemleta yule mnyama. Najua tu kwamba sikuweza kumwambia kweli: kwamba kakakuona hakuwa na habari yoyote, alikuwa na hofu, akingoja tuondoke. Na Bakari, siku mbili zile, alikuwa akingoja tuondoke naye.