Nilivyochimba Salon ya Clarisse

Mwenye kosa ni Clarisse, jirani yangu wa hapa mtaani Kapata. Kumbe anaandika michezo ya maneno tu, anaituma kwa batu bacheze mu telefoni. Mi, mutu aliyefukiwa mu shimo la madini akapona, ningejua wapi? Message yake ilisema: «Niko chini ya nyumba, udongo umenifunika. Andika 1 uchimbe, andika 2 ukimbie.»

Kukimbia? Siku ile ya shimo wenzangu balinikimbia mi, siwezi. Nilibeba pioche, sururu yangu ya shimo, nikavunja sakafu ya sima mu salon yake, chumba cha wageni. Nilikuwa ndani mpaka kiuno, ninalia «Clarisse, vumilia!», Clarisse akaingia na nyanya za soko.

«Tata Ilunga! Unatafuta nini?»

«Ninakutafuta wewe!» Nikamuonyesha message.

«Ile ni mchezo, tata! Banachimbaka na kidole!»